Jina kwa Herufi Ndogo

Kazini wananiita Pilipili, na sijawahi kukataa. Mtu akinikanyaga namwambia umenikanyaga. Akinikanyaga tena, majirani watatusikia. Mama yangu mzazi husema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Basi leo nitasema, na nitasema kwa hasira, maana hasira yenyewe bado imenikaa kooni na hata chai haiishushi.

Mimi ni mtu wa kompyuta katika kituo kidogo cha redio. Kidogo maana yake kila mmoja wetu ana kazi mbili. Programu tunayoandikia taarifa ya habari niliitengeneza mimi, na zamu yangu ikifika naiandika hiyo taarifa yenyewe, napokea simu, kisha nasimama nyuma ya kioo cha studio kumpa msomaji ishara. Msomaji wetu ni Mama Taarifa. Jina hilo alipewa na wasikilizaji, si na sisi. Sauti yake ikianza, watu hupunguza moto jikoni wamsikilize vizuri.

Sasa shika jambo moja, maana bila hilo hutanielewa. Kwetu, kilichoandikwa kwa herufi kubwa kinasomwa hewani. Kilichoandikwa kwa herufi ndogo hakisomwi. Hicho ni cha macho ya msomaji peke yake. Utaratibu huo ulianza enzi za taipureta, studio ikiwa na taa moja iliyofifia, na mimi niliukuta. Ukurasa wetu ulikuwa hivi: MBUZI ALIYEPOTEA SOKONI AMEPATIKANA GHOROFA YA TATU YA BENKI. mama usicheke, inayofuata ni msiba. Na Mama Taarifa hakucheka. Jicho lake liliruka herufi ndogo kama mtu anavyoruka dimbwi njiani, bila hata kupunguza mwendo.

Programu niliiandika kwa kuheshimu hilo. Kwa kompyuta, A kubwa na a ndogo ni watu wawili wasiojuana. Ukikiita kitu jinaLaMsomaji, kisha kesho ukaandika jinalamsomaji, mashine inakujibu: huyo hatumfahamu. Watu wengi hulijua hili siku nenosiri linapowakataa.

Bwana Pasi alilijua hivyo hivyo. Huyo ndiye mkurugenzi wetu mpya, na jina hilo tulimpa sisi, tena siku ya kwanza. Shati limenyooka, maneno yamenyooka, hata tabasamu lake unaona limepigwa pasi. Wiki ile ile alinipigia simu akifoka kwamba nimemfungia kompyuta yake makusudi. Nikapanda ngazi, nikaangalia, nikabonyeza kitufe kimoja cha herufi kubwa alichokuwa amekiacha kimewaka, nikashuka. Katibu wake alicheka. Nadhani hakunisamehe tangu hapo.

Haukupita muda akatuita kikaoni, ameshika ukurasa wa taarifa kwa ncha za vidole.

"Mbona mnapiga makelele kwenye karatasi?" akauliza. "Nataka taarifa itoke hapa iende moja kwa moja kwenye simu za watu. Nani atasoma kitu kinachomfokea?"

Hapo alikuwa na haki, na haki yake nampa. Ujumbe wote wa herufi kubwa ukiusoma kwenye simu unahisi kama unagombezwa na mama mkwe.

"Weka kitufe," akaniambia. "Nikibonyeza, kila kitu kikae sawa. Herufi kubwa mwanzo wa sentensi, nyingine zote ndogo."

"Bosi, kushusha herufi ni kazi ya mstari mmoja," nikamwambia. "Kuzirudisha ndiko hakuna. Mashine haikumbuki ipi ilikuwa kubwa na ipi ilikuwa ndogo. Maji yakimwagika hayazoleki. Nipe nafasi kwanza niyahamishe maelezo ya msomaji, yakae kwenye kisanduku chake pembeni. Yakishatoka, piga pasi utakavyo."

"Mpaka lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Nimekuelewa," akasema, akatabasamu.

Jamani, nimekuelewa ya bosi! Ningekuwa na akili ningemwambia arudie alichokielewa.

Siku chache baadaye tukakuta tangazo mlangoni mwa studio. Kisa kilikuwa Mama Taarifa. Alikuwa na mazoea yake, kila akimaliza habari ya msiba husema, "Poleni sana wafiwa," hata kama hakuna aliyeiandika. Bwana Pasi aliona huo ni ushamba. Basi tangazo likasema: KUANZIA SASA KINACHOONEKANA KWENYE KARATASI NDICHO KINACHOSOMWA. HAKUNA KUONGEZA. HAKUNA KUPUNGUZA. Lote kwa herufi kubwa, kutoka kwa mtu aliyetuambia tusipige makelele. Nyani haoni kundule. Tulicheka mpaka fundi mitambo, ambaye huwa hacheki, akalazimika kuvua miwani.

Mama Taarifa hakucheka sana. "Na pole nayo imepigwa marufuku?" akauliza.

Jumanne, kabla ya taarifa ya mchana, nikapokea simu. Mwanamume, anahema kama aliyepanda ngazi nyingi.

"Kuna jukwaa la mafundi limeporomoka kwenye jengo linalopakwa rangi," akasema. "Habari mnayo?"

"Tunayo, mzee. Polisi wamethibitisha. Poleni."

"Na jina la marehemu mnalo?"

"Tunalo."

"Mimi ni mjomba wake. Natoka hospitali sasa hivi. Binti yangu, nakuomba kitu kimoja tu. Mama yake, dada yangu, ni fundi cherehani, na redio yake haizimwi kutwa nzima. Huyo kijana ni mwanawe wa pekee, na mama mwenyewe presha inamsumbua. Niache nifike mimi. Nimwambie kwa mdomo wangu, nimemshika mkono."

"Mjomba, hatutataja," nikasema. "Ukishamwambia, nipigie. Nakupa neno langu."

"Umenipa neno?"

"Nimekupa."

Ahadi ni deni, tuliimbishwa tangu utotoni, na mimi madeni siyapendi. Nikakaa nikauandika ukurasa: MTU MMOJA AMEFARIKI DUNIA ASUBUHI YA LEO BAADA YA JUKWAA LA MAFUNDI KUPOROMOKA KATIKA JENGO LINALOPAKWA RANGI. Kisha, kwa herufi ndogo: jina ni, nikayaandika majina yake matatu, fundi rangi, usitaje mpaka nikuonyeshe kidole gumba kwenye kioo, mjomba wake yuko njiani kwa mama yake. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Jina linakaa tayari mbele ya msomaji. Ruhusa ikija katikati ya taarifa, nainua kidole, naye analisoma. Isipokuja, linabaki palepale kwenye karatasi, kimya. Nikautuma ukurasa, nikaenda kusimama nyuma ya kioo, simu mkononi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Bwana Pasi hakuwa amenisubiri. Jumapili, ofisi ikiwa tupu, alimleta mtu wake wa nje akamwekea kitufe chake, katikati kabisa ya ukurasa wangu na mashine ya kuchapa. Na Jumanne hiyo alikuwa na wageni, watu wa kampuni ya sabuni wanaotaka kutangaza kwetu. Alitaka kuwaonyesha jinsi taarifa inavyonyooka na kuruka kwenye simu kwa mguso mmoja. Katibu wake ndiye aliyenisimulia baadaye. Bwana Pasi alisema, "Tazameni wenyewe," akabonyeza. Wageni wakapiga makofi.

Mama Taarifa aliuchukua ukurasa kwenye mashine akiwa ameshachelewa kidogo, akaketi, taa nyekundu ikawaka. Aliona mara moja kwamba mwandiko umebadilika. Aliniambia baadaye alichowaza: Pilipili amemaliza kazi yake, maelezo ameyahamisha, kwa hiyo kilichobaki hapa chote ni changu kusoma. Na tangazo la mlangoni lilikuwa linasema hivyo hivyo.

Akaanza. Akasoma habari ya jukwaa, sentensi ya kwanza, vizuri kama kawaida yake. Kisha nikamsikia anasema, "Jina ni." Akayataja. Majina yote matatu, taratibu, wazi, kwa sauti ile ile inayopunguza moto jikoni. "Fundi rangi," akasema. "Usitaje mpaka..."

Akakoma hapo.

Nilikuwa nagonga kioo kwa ngumi zote mbili. Akainua uso akanitazama, midomo wazi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele ya macho yangu, ila siku hiyo niliuona. Fundi mitambo akaweka muziki, wimbo wa furaha kwa bahati mbaya, akaukata, akaweka mwingine.

Simu ikaita mkononi mwangu.

"Niko kwenye kona," mjomba akasema. Hakuwa anafoka, na afadhali angefoka. "Nyumba naiona. Jina nimelisikia duka kwa duka, redio zote zimefunguliwa. Nilianza kukimbia." Nyuma yake nikasikia mwanamke analia, ile sauti ambayo ukiisikia mara moja huhitaji kuuliza. "Ulinipa neno, binti," akasema, akakata.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Nilimkuta Bwana Pasi anawasindikiza wageni wake, nikamwambia mbele yao maneno ambayo mama yangu akiyasoma hapa atanifuata na mwiko, kwa hiyo nayaacha. Mmoja wa wale wa sabuni alijificha nyuma ya mkoba wake.

Kesho yake asubuhi aliniita ofisini. Alikuwa ameshatulia na shati jipya.

"Msomaji mzoefu," akasema, "anaona neno usitaje, bado anataja. Huo ni uzembe."

"Neno usitaje liko baada ya jina!"

"Na nani aliliweka baada ya jina?"

"Mimi! Kwa sababu lote lilikuwa kwa herufi ndogo, na herufi ndogo hazisomwi katika nyumba hii tangu wewe ukiwa shule!"

"Thibitisha."

Basi hapo, mimi Pilipili, nikanyamaza. Kitufe chake kilihifadhi ukurasa ulionyooshwa juu ya ule wa kwanza. Wa kwanza haukuwepo tena. Usiku wa Jumanne nilikesha, nikachimba kila kona ya mashine ile, na kila nilipogusa nilikuta sentensi nadhifu, jina limekaa katikati yake kana kwamba ndipo mahali pake. Nilichomwonya kikaoni ndicho kilichonikaba mwenyewe.

Akasogeza karatasi mezani. "Saini hapa kwamba mfumo haukuwa na hitilafu. Jambo hili ni la Mama Taarifa, si lako. Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Akacheka, maana alikuwa analijua jina langu la utani.

"Itakuwasha wewe," nikamwambia. "Na hiyo kalamu jichokonolee sikio."

Jioni nilikwenda kwa Mama Taarifa. Mume wake alinifungulia, akaniambia kwa kunong'ona, "Hajala." Nilimkuta sebuleni, amekaa kwenye kochi na khanga yake begani, mbele yake chai iliyotanda utando. Redio yao kubwa ilikuwa imegeuzwa ikaangalia ukuta.

"Mwanangu," akasema, na sauti haikutoka vizuri, "yule mama amelisikia jina la mwanawe kwangu. Si kwa ndugu, si kwa daktari. Kwangu mimi, na tangazo la biashara linasubiri."

"Mama, si kosa lako. Ni kosa la yule mpumbavu."

"Mdomo ni wangu."

Nikataka kubishana, mume wake akanifinya bega. Kisha akanionyesha barua. Bwana Pasi alimpa Mama Taarifa njia mbili. Ama Ijumaa asome hewani maneno ya kuomba radhi, akiri kwamba macho yake yalimchezea, kisha astaafu kwa shada la maua. Ama afukuzwe kwa uzembe, na kituo kilitangaze hilo. Njia zote mbili jina lake linaoza. Mwanamke aliyesomea watu kifo na neema umri wake wote, aondoke akijulikana kama bibi asiyeona anachosoma.

"Kuomba radhi nataka," akasema. "Nataka sana, sijalala kwa kuitaka. Lakini nikimwomba yule mama radhi kwa uongo, si nitakuwa nimemkosea mara ya pili?"

Nilikwenda nyumbani nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, kwa sababu nisingeosha ningevunja.

Ijumaa ikafika. Bwana Pasi aliyaandika maneno ya radhi yeye mwenyewe, ofisini kwake, mlango umefungwa. Kufikia hapo alikuwa hakibonyezi tena kitufe, kilikuwa kinajifanyia kazi. Chochote kinachokwenda kwenye mashine ya kuchapa, kiwe taarifa au orodha ya maji ya kunywa, kilipigwa pasi kwanza. Alikuwa anajivunia. Akatuma, akarudi kwa watu wa sabuni ambao alikuwa amewaita tena ili wasikie jinsi kituo kinavyojisafisha.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mashine. Ukurasa ukatoka, bado una joto. Nikausoma, nikausoma tena. Nikaelewa alichofanya. Maneno ya kusomwa aliyaandika kwa mwandiko wa kawaida, na maagizo yake kwa Mama Taarifa akayaandika kwa herufi kubwa, ili asije akachanganya. Unaona? Na yeye alizihitaji! Aliponyookewa yeye, herufi zilikuwa upuuzi. Alipokuwa na la kumnong'oneza msomaji, akazikimbilia. Na kitufe chake mwenyewe kikaja kikashusha zote, kikazipanga sawasawa, sentensi baada ya sentensi, safi kabisa.

Ngazi za kwenda kwake zilikuwa hapo, hatua chache tu. Ningeweza kupanda nikamwambia. Sikupanda. Na usiniulize kama naumia, maana siumii.

Nikampelekea Mama Taarifa. Alikuwa amevaa gauni lake la kazi, amejipaka poda kidogo, macho yamevimba. "Mama," nikamwambia, "ukurasa umepita kwenye kitufe."

Akaweka miwani, akausoma mpaka mwisho. Aliposhusha karatasi alinitazama kwa muda, kisha akatazama tangazo la mlangoni.

"Kinachoonekana kwenye karatasi," akasema.

"Ndicho kinachosomwa," nikamalizia.

Akaingia. Taa nyekundu ikawaka.

"Mimi msomaji wa taarifa," akaanza, na sauti ilikuwa imerudi, yote, "naomba radhi kwa familia ya marehemu kwa kosa lililotokea Jumanne, ambalo nililifanya mimi mwenyewe. Hapa shusha sauti ionekane umeumia."

Fundi mitambo akanigeukia taratibu sana.

"Kosa hilo halihusiani kwa namna yoyote na uongozi wa kituo. Usitaje kitufe. Macho yangu yalinichezea kutokana na umri. Hata kama utaulizwa baadaye na mtu yeyote shikilia hapo hapo kwenye macho. Kituo kinathamini maisha na hisia za kila msikilizaji. Maliza haraka wageni wa sabuni wanasikiliza."

Juu tukasikia kiti kinaanguka. Kisha miguu kwenye ngazi, mbio, viatu vya ngozi vinateleza. Bwana Pasi aliingia chumba cha mitambo amefungua kifungo cha shingo, mara ya kwanza kumwona hivyo.

"Kata!" akapiga kelele. "Kata sauti!"

Fundi mitambo alikuwa na mikono yote miwili mapajani. Huyu ni mtu aliyekaa nami chumba kimoja miaka yote hiyo na sijamsikia akibishana hata na nzi. "Bosi," akasema kwa upole, "hakuna kupunguza."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilisimama mbele ya swichi, na mimi si mwembamba.

Ndani, Mama Taarifa alikuwa ameikunja karatasi na kuiweka kando. "Hili ninalosema sasa halijaandikwa," akasema hewani. "Mama uliyelisikia jina la mwanao kwangu, sikuwa na ruhusa ya kulitaja. Liliondolewa mahali lilipofichwa, nami nikalisoma. Lakini mdomo ulikuwa wangu. Nisamehe. Pole sana. Poleni sana wafiwa."

Kisha akavua visikilizio vya masikioni na kuviweka mezani polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Mimi na Mama Taarifa tulisimamishwa kazi kabla ya taarifa ya jioni. Bwana Pasi naye aliitwa na wenye kituo Jumatatu yake, na alivyotoka huko sijui. Shati wanasema lilikuwa limejikunja. Wasikilizaji wamejaza ukumbi wa mapokezi wakidai sauti yao. Yatakavyokwisha sijui, na sikuanza kusimulia kwa ajili ya hayo.

Ijumaa ile ile, tulipotoka pale na vitu vyetu kwenye mfuko wa plastiki, Mama Taarifa hakuelekea kwake. Akaniambia, "Nipeleke."

"Watatufukuza, Mama."

"Watufukuze. Nipeleke."

Nyumba ya msiba, tuliyoelekezwa na wenye maduka, ilikuwa na chumba cha mbele kilichokuwa duka la ushonaji. Mabenchi nje, watu wamekaa kimya. Mlangoni alisimama mwanamume mrefu, shati halijabadilishwa. Nilipomsalimia aliijua sauti yangu.

"Wewe ndiye uliyenipa neno," akasema.

"Ndimi, mjomba."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumweleza, juu ya kitufe, juu ya bosi, juu ya herufi. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna lililostahili kusemwa pale. Alinitazama mpaka nikashusha macho, mimi nisiyeshushia mtu macho. Kisha akamwona aliye nyuma yangu, akasogea kidogo, si kwa ajili yangu.

"Hodi," Mama Taarifa akasema.

Ndani wanawake walikuwa wamekaa sakafuni, cherehani imefunikwa shuka, redio iko rafuni imezungushiwa waya wake. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta akainua kichwa aliposikia ile hodi.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, dada yangu."

Nikajua sasa atarushiwa kitu, na nikajiandaa kusimama mbele yake.

"Nilikuwa napima pindo la gauni la mteja," yule mama akasema. Hakuwa analia. "Nikasikia jina la kwanza, nikasema, masikini, kijana wa watu ana jina la mwanangu. Ukataja la pili. Nikasema, yapo, majina hufanana. Pini nilikuwa nazo mdomoni." Akajigusa midomo. "Mpaka ulipofika la tatu."

Mama Taarifa alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono inamning'inia.

"Wameniambia leo umeniomba radhi redioni," yule mama akaendelea. "Mimi sikuisikia. Redio siwashi tena. Njoo hapa." Akapapasa sakafu pembeni yake. "Keti. Unishike mkono. Uniambie vile nilivyotakiwa kuambiwa."

Akaketi. Magoti yakamlia, akaegemea ukuta ule ule. Akaushika mkono wa yule mama kwa mikono yake yote miwili, akainama mpaka vitambaa vyao vya kichwa vikagusana, akasema. Aliyasema majina yote matatu kwa sauti ndogo hivi kwamba mimi, hatua mbili tu kutoka pale, sikusikia hata moja. Niliona midomo tu. Na kwa kila jina yule mama aliitikia kwa kichwa. La kwanza. La pili. Lilipofika la tatu akasema, "Huyo ni wangu," ndipo akaanza kulia.

Nilikuwa nimekunja ngumi mpaka kucha zimeingia kiganjani, na sikuwa na wa kumpiga. Mjomba alikuwa pembeni yangu, kwenye fremu ya mlango.

"Hivyo," akasema, hanitazami. "Hivyo ndivyo ningemwambia."